Utengeneze mwenyewe au ununue? Ulinganisho kwa mtu wa Kigoma

Watu wengi wakitaka kujua kama kitu kinalipa kutengeneza nyumbani wanachukua bei ya dukani, wanatoa bei ya malighafi, wakiona kuna kitu kimebaki wanasema tayari hiyo faida. Mkaa hawajauhesabu, muda hawajauhesabu, na kile kilichoharibika mara ya kwanza wamekisamehe. Upande wa pili kuna wale wanaosema kujitengenezea ni ushamba kila kitu si kipo dukani, na hao nao hawajawahi kugeuza pakiti wakasoma nyuma kimeandikwa nini. Sasa hapa nataka tuviweke vitu ubavu kwa ubavu, kimoja kimoja, kwa mtu anayeishi Mwanga au Gungu au Ujiji huko, maana hesabu ya mtu wa Dar sio hesabu yetu.

Swali ninaloanza nalo mimi ni moja, malighafi inatoka wapi? Sisi tuko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 toka Dar, kila kinachotoka kiwandani kule kimelipiwa nauli mpaka kikafika hapa, kiwe kimekuja na treni au na lori. Kwa hiyo kitu ambacho malighafi yake iko hapa hapa kinaanza kikiwa kimeshatangulia, na kitu ambacho malighafi yake nayo inakuja kwenye madumu toka Dar, hapo nauli hujaikwepa, umeilipa kwa jina lingine.

SABUNI YA MCHE

Hapa ndo penye utamu kwa hiyo nitakaa sana.

Mkoa wetu ndo wa michikichi, hilo halina ubishi, ndo maana Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alipoanza ile kampeni ya kufufua zao la chikichi mwaka 2018 alianzia huku, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga ndo kinazalisha mbegu ya tenera, ile ambayo tunda lake lina nyama nyingi na ganda jembamba kuliko dura za mababu zetu. Na tunda hilo moja lina mafuta mawili tofauti. Nyama ya nje inatoa mawese, kokwa ya ndani inatoa mafuta ya mise. Watu wanayachukulia kama mamoja lakini kwenye sabuni kazi zao ni tofauti kabisa, mawese yanaipa sabuni ugumu na inakaa muda mrefu bila kuyeyuka, ila povu lake ni la kubembeleza, mise ndo inaleta povu. Ukimsikia mtu analalamika sabuni ya kienyeji haitoi povu, muulize kama kuna mise humo.

Kwa upande wa nyumbani basi, unahitaji mafuta, maji, na kostiki soda, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Hiyo kostiki ndo kitu pekee kinachotoka mbali, na inaingia kidogo. Kilo moja ya mawese matupu inataka kama gramu 134 za kostiki, hapo umeshaacha akiba kidogo ya mafuta yasiyoshikwa ili isikuchubue mikono, na maji kama gramu 350. Ukichanganya mawese gramu 700 na mise gramu 300, weka kostiki kama gramu 140, maana mise inakula kostiki zaidi. Angalia nimesema KILO, sijasema lita. Sisi mafuta tunanunua kwa lita na kwa dumu, na lita moja ya mawese ina uzito wa kama gramu 910 tu, kwa hiyo ukipima lita ukadhani ni kilo unakuwa umezidisha kostiki, na hiyo sabuni itakuwasha mpaka utajuta.

Unachovuna, baada ya kukauka, ni kama kilo moja na robo kutoka kwenye kilo moja ya mafuta. Hiyo ndo namba ya kulinganisha. Chukua bei ya kilo ya mawese siku hiyo, ongeza hizo gramu za kostiki, gawa kwa moja na robo, halafu nenda dukani usome uzito wa mche wako (sio urefu wake, uzito) upate bei ya kilo. Msimu wa mawese kuwa mengi nyumbani utashinda kirahisi, msimu yakiadimika unaweza kukuta mmelingana au duka limekupita. Ila sabuni haiozi, inazidi kuwa ngumu na nzuri ikikaa, kwa hiyo unatengeneza msimu wa neema unaweka.

Na mche wa dukani una nini? Una unafuu wa kuwa tayari sasa hivi, hilo usilidharau. Wa kwako unasubiri kama wiki nne ukauke kabla hujautumia, na mtu aliyeishiwa sabuni leo hawezi kusubiri mwezi. Ila miche mingi ya bei poa inawekewa vijazio, silikati na vitu vya namna hiyo, vinavyoongeza uzito na ugumu kuliko vinavyoongeza kusafisha. Ndo maana pengine unaona kipande kikubwa halafu kinaisha kama barafu juani.

Kuna jambo ambalo linawaangusha wote wawili, wa nyumbani na wa dukani, nalo ni maji yetu. Maji ya ziwa yana madini, magnesiamu hasa, na sabuni yoyote ya mafuta ikikutana nayo inaacha ule utando mweupe kwenye beseni na nguo zinakakamaa. Sabuni ya unga haisumbuki hivyo, na nyingi zina ving'arishi vya kufanya sare nyeupe ionekane nyeupe kweli. Kwa hiyo mi msimamo wangu, mashati meupe ya shule nunua unga, kuoga na vyombo na nguo za kawaida mche wako unatosha sana, na ukiwa na maji ya mvua utashangaa povu lilivyo.

Sasa hatari, na hapa sitanii. Kostiki ndo inayotiwa kwenye maji, usije ukamwaga maji juu ya kostiki, itachemka ikurukie usoni. Inapochanganyika inapata moto yenyewe bila jiko, na inatoa mvuke unaokaba koo, kwa hiyo nje, penye upepo, miwani na glovu. Na masufuria yetu ya kawaida ni ya alumini, kostiki inayala na inatoa gesi inayoshika moto, tumia ndoo nzito ya plastiki au chombo cha stili. Ikikugusa, maji mengi ya kumiminika, muda mrefu, sio kupaka sijui ndimu. Na kubwa kuliko yote usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji, mtoto akinywa funda moja koo linaungua, na madhara yake anaweza kuishi nayo maisha yote. Kama nyumbani una watoto wanaozagaa na huna sehemu ya kufungia, jibu lako kwenye sabuni ni nunua, na sio aibu. Au nunua ile ya mawese inayotengenezwa na kina mama wa hapa hapa, wengine mnaita gwanji, hela imebaki mtaani na wewe hujashika kostiki.

SABUNI YA MAJI

Hii ndo watu wengi wanaanza nayo kwa sababu semina zake ni nyingi, unalipa kiingilio unapewa karatasi. Nitawaudhi baadhi ila kile sio kutengeneza, kile ni kuchanganya. Salfoniki na slesi (hizo ndo dawa za kusafisha na kutoa povu), soda eshi, gliserini, rangi, pafyumu, vyote vimekuja toka Dar na huko Dar vingi vimekuja toka nje. Kitu pekee cha kwetu humo ni maji, na chumvi kama ukitumia ya Uvinza.

Bado inaweza kulipa, kwa sababu sabuni ya maji iliyo tayari sehemu kubwa yake ni maji, na wewe badala ya kulipia nauli ya maji toka Dar unalipia nauli ya dawa tupu. Lakini inalipa kwa wingi tu, mama mwenye mgahawa, saluni, gesti, shule. Familia ya watu watano kununua madawa ya kutoa lita 20 halafu dumu linakaa jikoni mpaka linaanza kunuka, hiyo sio kubana matumizi.

Halafu ule uzito watu wanaosifia, "yangu nzito", uzito mara nyingi ni chumvi. Chumvi inaifanya ivute, ukizidisha inageuka maji tena. Nzito na kali ni vitu viwili tofauti. Na zile karatasi zinazokwambia utie fomalini ili isioze, achana nazo, ile kitu inawasha macho na inahusishwa na saratani, tengeneza kidogo uimalize mapema.

Mi kwa nyumba ya kawaida hapa nasema nunua kwa jirani anayechanganya, peleka chupa yako ajaze.

MTINDI

Hapa sina maneno mengi, tengeneza. Sababu ni ndogo tu, lita moja ya maziwa inatoa lita moja ya mtindi. Hakuna kinachopotea, hakuna mashine, hakuna umeme. Linganisha bei ya lita ya maziwa ya yule anayepita na baiskeli asubuhi na bei ya vikombe viwili vya nusu lita dukani, halafu ongeza vijiko viwili vya mbegu, yaani mtindi mtupu usio na ladha wala sukari. Kinachobaki ni mkaa wa kuchemsha, na maziwa mabichi ungeyachemsha tu hata ungekuwa unakunywa kwenye chai, kwa sababu ya magonjwa kama brusela na kifua kikuu cha ng'ombe.

Unachemsha vizuri, unaacha yapoe mpaka kidole kinavumilia ukihesabu mpaka kumi, kama nyuzi 43 hivi, unakoroga mbegu, unamimina kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa na maji moto, unafunga. Masaa sita mpaka nane yameganda. Ukitia mbegu maziwa yakiwa bado ya moto sana umewaua wale bakteria na asubuhi utakuta maziwa tu. Yakipoa kupita kiasi yanachelewa, yanaweza kuharibika kabla hayajaganda.

Dukani wanakushinda kwenye kitu kimoja, ladha za stroberi na vanila zile watoto wanazopenda. Kata embe likiwa msimu, au tia asali kama una mtu anayesafiri kutoka Tabora. Tatizo halisi la mtindi wa nyumbani ni maziwa yaliyotiwa maji, hayo yanakupa mtindi wa kumwagika hata ufanyeje, kwa hiyo kabla hujajilaumu mwenyewe chunguza muuza maziwa wako.

SIAGI YA KARANGA

Ukiangalia bei peke yake nyumbani inashinda, tena kwa mbali. Karanga zinalimwa huku kwetu na Tabora, kilo ya zilizomenywa ukikaanga ukatoa ile ngozi nyembamba inapungua kidogo tu, na wa dukani ameongeza sukari na mafuta ya kugandisha ili yale mafuta ya karanga yasielee juu. Ya kwako yataelea, unakoroga, imeisha.

Ila mi hapa ndo nakuwa mkali, kwa sababu ya sumukuvu. Ule ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu unatoa sumu inayopiga ini, na mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga hakuiondoi. Kusaga ndo balaa zaidi maana ukishasaga huoni tena ipi ilikuwa mbovu, imechanganyika yote. Kwa hiyo kama unatengeneza, nunua karanga zenye maganda yake ya nje, zilizokauka zinazolia ukitikisa, menya mwenyewe, kisha kaa chini uchambue moja moja, iliyosinyaa tupa, yenye rangi ya ajabu tupa, iliyovunjika yenye vumbi la kijani tupa na wala usiwape kuku. Muda huo wa kuchambua ndo gharama ya kweli ya siagi ya karanga, sio karanga zenyewe. Kama unajua kabisa hutachambua, utamwaga zote kwenye kikaango kwa haraka, basi nunua ya kopo yenye alama ya TBS.

Kusaga, blenda za kawaida zinaunguza mota kwa karanga, peleka mashineni wanakosaga karanga au tumia kinu, kinu kinachelewa lakini hakiungui.

MKATE

Nunua. Tanuri la mwokaji limewashwa mara moja kwa mikate mingi, wewe utawasha mkaa chini na kupalia mkaa juu kwa mkate mmoja, na mkaa wenyewe unajua bei yake, na misitu inakotoka unaijua inavyokwisha. Unga wa ngano nao unatoka mbali. Chapati na maandazi ni habari nyingine, hayo unapika kwenye jiko lile lile la chai na mikono ya nyumbani inatosha, hapo nyumbani panashinda kama mko wengi. Mkiwa wawili mama wa maandazi wa jirani atawashinda, ana karai moja la mafuta kwa mtaa mzima.

NGUO

Huku watu wanalinganisha vibaya. Wanaweka kushona upande mmoja na mtumba upande mwingine, mtumba unashinda kila siku kwa bei, basi wanasema kushona hakulipi. Kweli kushona shati jipya mwenyewe ukiwa hujui hakulipi, kitambaa, uzi, vifungo, na likitoka bega moja liko juu hulivai. Ulinganisho wenye maana ni kati ya kununua nguo nyingine na kurekebisha uliyonayo. Zipu iliyokufa, pindo lililoachia, kola iliyochakaa unaigeuza upande wa ndani, suruali ya kaka inabanwa kwa mdogo wake. Hizo kazi zinataka sindano na uzi na mtu mwenye subira, na zinaokoa nguo nzima. Kuliko ununue cherehani ya kukaa na vumbi, jifunze hizo kwanza.

Gauni na sare mpelekee fundi. Kwake mi siangalii bei tu, ukimpelekea fundi kitenge cha yadi sita na ukamwambia mapema, vipande vinavyobaki anakurudishia, na kwa vipande hivyo unashona mifuko ya sokoni. Toka Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku watu tumekuwa tukinunua ile mifuko mbadala kila tukienda sokoni, kila mara hela kidogo, nyumbani imejaa chini ya kitanda na bado ukienda Mwanga sokoni unanunua mwingine kwa sababu umesahau. Huo ndo ununuaji unaonichosha kuliko wote, kununua kitu ulichonacho. Mfuko wa kitenge wenye kishikio cha kushonwa mara mbili unabeba viazi na dagaa na unafuliwa.

VIFAA, HAPA NDO HELA INAPOTELEA

Mtu anaamua kuacha kununua nunua, halafu wiki ya kwanza ananunua moldi za silikoni za sabuni, blenda mpya, mtungi maalumu wa mtindi, vichupa vya kioo vya kupendeza vya kuwekea karanga, na kitabu. Amebadilisha tu duka. Na ukimuuliza baada ya muda, vitu vipo juu ya kabati. Mi ushauri wangu kifaa usikinunue mpaka umeshafanya hicho kitu kwa vyombo vya kuazima na ukaona unarudia mwenyewe bila kulazimishwa. Moldi ya sabuni ni boksi la mbao lililotandikwa nailoni, fundi seremala anakupigia kwa mabaki ya mbao. Chupa ya chai unayo. Kinu kama huna mama yako anacho, au shangazi.

Kimoja ambacho hakina mbadala ni mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Bila hiyo kwenye sabuni usijaribu, mambo ya kikombe na kijiko kwa kostiki ni kubahatisha na ngozi. Lakini mizani haitumiki kila siku, kwa hiyo nyumba tatu nne zinaweza kuchanga ikawa moja inayozunguka. Na mkishafika hapo, dumu la lita 20 la mawese mkinunua pamoja msimu wa bei kushuka lina kilo 18 hivi za mafuta, linataka kostiki isiyofika kilo mbili na nusu, na sabuni kavu itakayotoka ni kama kilo 22. Msichanganye dumu zima kwa mpigo, joto lake hamtaliweza, chukueni kilo mbili mbili za mafuta, mpime upya kila duru, na watoto siku hiyo wakacheze kwa jirani ambaye hayumo kwenye mchango.